Chupa ya Dogo na Zebaki Havikai Jiko Moja

Wana wa Geita, Katoro, Rwamgasa, Nyarugusu, Kakola, Kahama mpaka Shinyanga mjini, leo stori ni ya chupa ya dogo. Chupa ya kunyonyea, chuchu yake, na ile pampu ya kukamulia maziwa ambayo siku hizi imejaa kwenye maduka ya vitu vya watoto na kwenye status za wauza mizigo. Masista wanaivuta kwa sababu mishe hazisubiri. Kuna anayefungua saluni saa mbili asubuhi, kuna wa kibanda cha miamala, kuna mama ntilie anayewasha moto alfajiri, kuna nesi wa shifti ya usiku, kuna dada anayeendesha lori la mgodini ambalo tairi lake tu limemzidi urefu. Wote wameacha dogo nyumbani, na dogo lazima ale.

Maelekezo ya kuosha na kuchemsha hivyo vifaa yamejaa mtandaoni kinoma. Mengi yameandikwa na watu ambao jikoni kwao kuna bomba la maji ya moto na mashine ya mvuke, unabonyeza, unasepa. Hao hawajui maisha ya huku. Hawajui kwamba jiko la mkaa linalochemsha chupa ya dogo asubuhi linaweza kuwa ndilo lile lile lililochoma dhahabu yenye zebaki jana usiku. Hapo ndipo nataka tusanuke wote, masela na masista: moto unaua vijidudu, ila zebaki hauiwezi. Ukichemsha chupa masaa mawili kwenye sufuria lililogusa zebaki, dogo bado umemuweka kwenye hatari.

Tuanze na vijidudu kwanza, maana hao nao hawana masihara. Maziwa yanamnenepesha dogo na yanamnenepesha bakteria vile vile. Tone likibaki kwenye uzi wa kifuniko au ndani ya chuchu, na jua la Shinyanga la mchana unalijua, baada ya masaa machache pale pameshajaa. Dogo wa wiki mbili hana kinga ya kupambana na hiyo nyomi. Anaanza kuharisha, anakaukiwa maji, utosi unabonyea, macho yanaingia ndani, na kichanga akifika hapo unatakiwa uwe tayari kwenye boda kuelekea hospitali, siyo unasubiri kupambazuke.

Kuna ishu ilitokea Pennsylvania, Marekani, mwaka 2016. Mtoto njiti alipata bakteria anayeitwa Cronobacter, akaingia mpaka kwenye damu na kwenye utando wa ubongo. Wachunguzi wa afya walipofuatilia wakamkuta bakteria huyo huyo kwenye maziwa aliyokamua mama nyumbani na kwenye pampu yake. Na yule mama hakuwa mchafu hata kidogo. Alikuwa analoweka vipande vya pampu kwenye maji ya sabuni kwa masaa kadhaa, anasuuza, anaanika, anafunga kwenye mfuko wa plastiki. Hivyo ndivyo wengi wetu tunavyofanya: loweka kwanza, nitaosha nikitulia. Yale maji ya sabuni yakipoa yanakuwa bwawa, na kila kipande kinaoga bwawa moja. Mwaka uliofuata CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ikatoa mwongozo wa usafi wa pampu za nyumbani, na jambo moja wanalolikazia ni kuosha vifaa mapema iwezekanavyo baada ya kukamua. Visilowekwe vikaachwa.

Sasa ishike pampu mkononi uicheki vizuri. Kuna faneli linalokaa kwenye titi, kuna kiungio, kuna vali, na kwenye vali kuna kampira keupe, laini, kembamba, kanakofunguka na kujifunga kila pampu inapovuta. Kabandue taratibu kwa ncha za vidole. Ukikageuza, kwa nyuma utakuta utelezi mweupe, mafuta ya maziwa, hata kama pampu ulishaiosha ikiwa imeungwa. Ukipitisha kidole unateleza, ukinusa unasikia kaharufu ka maziwa yaliyolala. Vijidudu vinaishi pale. Kwa hiyo kila kipande kitoke, kila mara, hata kama umechoka, hata kama ni saa nane ya usiku. Na hako kampira usikasugue kwa nguvu, kakichanika pampu inaishiwa pumzi na utadhani maziwa yako yamekata.

Mrija wa hewa wa pampu ya umeme kwa kawaida haugusi maziwa, hivyo hauchemshwi, na mota haiingii majini kabisa. Ukiona ukungu au matone ya maziwa ndani ya mrija, tupa, tafuta mwingine. Halafu kuna ile pampu ya bei chee yenye puto la mpira la kubinya. Ile piga chini. Maziwa yanapanda ndani ya puto, na hakuna brashi duniani inayofika kule. Bora ukamue kwa mkono, na kukamua kwa mkono ni ujuzi wa ukweli ambao manesi wa wodi ya wazazi wanafundisha bure: mikono safi, kikombe safi, kidole gumba juu ya titi na vidole vingine chini, sukuma kuelekea kifuani, bana, achia. Ukishadaka mdundo wake unaweza ukashangaa pampu ulinunua ya nini.

Kuosha kunataka beseni la dogo liwe la dogo. Lisiwe la vyombo vya familia, lisiwe la kufulia, lisiwe la kuogea. Brashi yake pia isitoke nje ya beseni lake. Anza na mikono, kwa sabuni na maji yanayotiririka. Mtu akikumiminia kwa jagi ni poa kabisa. Dogo akimaliza tu, suuza vifaa chapu kabla maziwa hayajakauka. Kisha maji ya moto na sabuni, brashi izunguke kwenye uzi wa chupa, chuchu igeuze ndani nje na uibinye maji yatoke kwenye tundu lake. Suuza tena kwa maji safi. Ukiruka hapa ukakimbilia kuchemsha, unayapika mabaki ya maziwa yagandie kwenye plastiki, na vijidudu vinapata paa la kujificha chini yake.

Ndipo sufuria linapanda jikoni. Liwe na mfuniko, na maji yafunike kila kitu. Chupa ilaze ijae, isibaki na hewa ndani inayoifanya ielee. Tandika kitambaa safi chini ili plastiki isikae kwenye chuma cha moto. Cheki chini ya chupa kama kuna alama ya pembetatu yenye namba 5 na herufi PP. Hiyo plastiki inavumilia kuchemshwa. Subiri maji yatokote kweli kweli, siyo yale ya kutoa vipovu pembeni, halafu ndiyo uanze kuhesabu. CDC wanasema dakika 5. NHS, huduma ya afya ya Uingereza, inasema angalau 10. Mimi nakwambia nenda na 10, kwa sababu moto wa mkaa unapanda na kushuka bila kukuaga. Huna saa? Weka ngoma tatu za Bongo Fleva mfululizo, ya tatu ikiisha epua. Wanaouliza kuhusu mwinuko, ni kweli: Geita na Shinyanga ziko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu yanatokota kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Inatosha kuwaua hao jamaa.

Kukausha ndiko wengi tunakobugi. Chupa imetoka kwenye maji ya moto, safi ya ukweli, halafu inafutwa kwa ncha ya khanga. Hiyo khanga imefuta jasho, imembeba dogo mgongoni, imefunika sahani, imefukuza inzi. Acha vifaa vikauke vyenyewe. Vitoe kwa koleo lililochemka humo humo, kung'uta maji, panga juu ya kitambaa kilichofuliwa na kupigwa pasi, funika na kingine, vikikauka unganisha chupa na kifuniko chake, weka kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana. Vumbi la barabara za migodini linaingia popote, na inzi wa huku hawahitaji mwaliko.

Mkaa siyo bure, najua. Habari njema ni kwamba kuosha ni kila baada ya kutumia, ila kuchemsha unaweza kukusanya vyote ukapiga mkupuo mmoja kwa siku, na huo usiuruke, hasa kama dogo hajafikisha miezi miwili, au ni njiti, au anaumwa umwa. Njia ya kuua vijidudu kwa klorini nayo ipo, ila inataka kipimo sahihi na dawa isiyo na manukato. Mfamasia akupimie, usikadirie kwa macho.

Mpaka hapo kila kitu ni sawa na mji mwingine wowote. Sasa tuje kwetu.

Ambaye hajawahi kufika mwaloni, pale mzigo wa dhahabu unapooshwa, aelewe mzigo unavyotembea. Mawe yanatoka kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, yanapondwa, yanapita kwenye karasha mpaka yanakuwa unga, unga unaoshwa, mchanga mzito unabaki kwenye beseni. Pale ndipo zebaki inapoingia. Inamiminwa kidogo, mtu anakanda kwa mikono mitupu, ile zebaki inazunguka na kuikamata dhahabu iliyojificha. Anakamua kwa kitambaa, ziada inatoka, mkononi kinabaki kidonge kizito cha rangi ya fedha. Halafu kidonge kinawekwa kwenye kijiko cha chuma au kipande cha bati, juu ya mkaa. Taratibu ile fedha inafifia, inageuka njano, na kila mtu aliyesimama pale anatabasamu.

Zebaki haijapotea, wanangu. Imepaa. Imeingia kwenye pua za wote waliotabasamu, imeshuka ukutani, kwenye pazia, kwenye neti ya dogo, kwenye sufuria lililokuwa wazi pembeni. Mvuke wake hauna rangi wala harufu, na hauhitaji hata moto. Zebaki inatoa mvuke kwa joto la kawaida la chumba. Ukiitunza ndani ya geto kwenye chupa ya soda chini ya kitanda, na mfuniko wenyewe haubani, inawapulizia usiku kucha. Mtu mzima inamletea kutetemeka, kusahau sahau, figo kuchoka. Dogo ndiyo kabisa, maana ubongo wake bado unajengwa, na zebaki inapita mpaka kwenye kondo la nyuma, hivyo inaweza kumkuta hata hajazaliwa.

Kwa nini watu wanachoma nyumbani? Siyo ujinga. Ni usalama. Nani anataka kuonyesha mzigo wake hadharani mbele ya nyomi, halafu atembee nao gizani? Nyumbani kuna mlango, kuna jiko limeshawaka, mama watoto yupo, unamaliza kimya kimya. Nimeziona nyumba za namna hiyo, jiko moja la mkaa, chai asubuhi, ugali mchana, dhahabu usiku. Beseni nalo vile vile: mchana limekandiwa mchanga, jioni linasuuzwa kwa maji na sabuni linaoshewa vikombe. Kwa macho limetakata. Ila zebaki inaingia kwenye mikwaruzo ya plastiki na kwenye mshono wa sufuria, na sabuni haijui kuifuata huko.

Ndiyo maana nasema kuchemsha hakusaidii hapa. Bakteria ana uhai, ukimpa moto anakufa. Zebaki ni madini, haina uhai wa kuutoa. Ukilipandisha jikoni sufuria lililoguswa na zebaki unaifanya ipae tena, chumba kile kile, dogo akiwa mgongoni mwako. Chombo kilichogusa zebaki kimeshahama ukoo, hakirudi kwenye chakula milele. Usikioshe, usikichome kukisafisha, usimgawie jirani. Kitoboe kisitumike tena, na kikae huko huko kwenye eneo la kazi.

Haya hayajaanza kusemwa leo. Rwamgasa, kule Geita, imepimwa kitambo. Miaka ya 2000 UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, lilikuwa na mradi wa zebaki pale. Mwaka 2008 ukatoka utafiti wa maziwa ya akina mama 46 wanaonyonyesha kutoka maeneo ya dhahabu ya Tanzania, Indonesia na Zimbabwe, na baadhi yao walikutwa na zebaki nyingi kwenye maziwa yao. Mwaka 2013 Human Rights Watch wakatoa ripoti kuhusu watoto kwenye machimbo madogo ya Tanzania, Geita na Shinyanga zikiwemo, wakieleza madogo wanaoshika zebaki kwa mikono. Mwaka huo huo dunia ikasaini Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambao watu wake waliharibiwa na zebaki ya kiwandani iliyoingia kwenye samaki. Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Ndani ya mkataba huo, kuchoma mchanganyiko wa dhahabu na zebaki kwenye makazi ya watu kumetajwa waziwazi kuwa ni kitu cha kukomeshwa. Yaani lile jiko la chai na dhahabu limeandikwa kabisa.

Sista, hapo kwenye maziwa ya mama usinielewe vibaya. Usimwachishe dogo ziwa kwa kuogopa. Maziwa ya kopo yanakorogwa kwa maji yale yale, kwenye nyumba ile ile yenye mvuke ule ule, na yanamnyima kinga anayoipata kwako. Kinachotakiwa kutoka ni zebaki, itoke kwenye nyumba na itoke mikononi mwako. Kama wewe mwenyewe unakanda mwaloni na sasa una mimba au unanyonyesha, omba ubadilishiwe kazi, ponda mawe, pika, tunza hesabu ya viroba, chochote ambacho hakikutanishi na zebaki. Glavu zinalinda ngozi tu, mvuke unapita juu yake. Wakati wa kuchoma usiwepo kabisa. Najua kuna ambao mwalo ndiyo mkate na hakuna wa kuwabadilishia. Hao kikundi chao kinatakiwa kiwabebe, na kikundi kisichoweza kumuondoa mama anayenyonyesha kwenye zebaki kwa miezi michache kina kasoro kubwa kuliko ya mtaji.

Masela, sasa ni zamu yenu, na hapa naongea kwa upendo wote. Kuna chombo kinaitwa ritoti. Ni kikombe cha chuma chenye mfuniko wa kubana na bomba. Unaweka kidonge ndani, unawasha moto chini, mvuke wa zebaki unapita kwenye bomba, unapoa, unadondoka kwenye maji ukiwa zebaki tena. Dhahabu unaipata, na zebaki unairudisha ukaitumie tena, mkwanja haujapaa hewani. Chomea eneo la kazi, nje, mbali na nyumba na watu. Zebaki isilale ndani. Ukirudi kutoka machimboni, nguo za kazi ziishie nje ya mlango, oga mpaka kwenye kucha, ndipo umbebe dogo. Nguo hizo zisifuliwe na nepi wala zisionane na lile beseni lake. Ukifika umechoka kinoma, bado kazi ya sufuria ya jioni unaiweza: kujaza maji, kuwasha moto, kusikiliza ngoma tatu. Baba anayechemsha chupa mwenyewe ndiye anayejua sufuria la dogo ni lipi, na hawezi kulichukua kulipeleka mwaloni.

Maji nayo yana maneno. Shinyanga mjini na Kahama wengi wanapata ya bomba kutoka Ziwa Victoria, yanavutwa Ihelele kule Misungwi, mradi uliozinduliwa mwaka 2009. Hayo yachemshe, tembea. Kwenye machimbo wengi wanachota visima na madimbwi. Maji ya tope yaache yatuame, yachuje kwa kitambaa safi, ndipo uyachemshe. Ila baadhi ya visima vya ukanda wa dhahabu wa Geita watafiti wamevikuta na sumu ya aseniki kupita kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni mikrogramu 10 kwa lita. Aseniki nayo haifi kwa moto. Ukichemsha sana maji yanapungua, yenyewe inabaki. Kwa hiyo maji ya dogo yasitoke kwenye kisima kilicho chini ya mwalo au karibu na marudio, yaani mabaki ya mchanga ulioshaoshwa. Bora ununue dumu la maji ya bomba kwa ajili yake peke yake. Na dumu lenyewe ujue lilibeba nini kabla, maana kwenye mitambo ya kuchenjua dhahabu kuna sumu ya sianidi, na madumu yanazunguka sana mtaani.

Kama dogo anatumia maziwa ya kopo kwa ushauri wa daktari, unga ule hauna uhakika wa kutokuwa na vijidudu hata kopo likiwa jipya. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2007 unataka ukoroge kwa maji yenye joto lisilopungua nyuzi 70, yaani yaliyochemka ukayaacha yasizidi nusu saa, kisha upoze chupa kwenye maji baridi kabla ya kumpa. Yasiyoisha ndani ya masaa mawili, mwaga.

Maziwa yaliyokamuliwa yana saa yake pia. Kwenye joto lisilozidi nyuzi 25 yanakaa mpaka masaa 4. Mchana wa huku unapita 25 bila shida, hivyo usiyavutie mpaka ukingoni. Kwenye friji siku 4. Kwenye kibegi cha ubaridi chenye vipande vya barafu, masaa 24, na hicho ndicho kinachookoa wa shifti. Na ukiwa umeajiriwa jua haki yako: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 33, inakupa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 ukijifungua zaidi ya mmoja, na ukirudi kazini unaruhusiwa mpaka masaa mawili kwa siku ndani ya muda wa kazi kumnyonyesha dogo. Bosi akikuzingua, mtajie kifungu. Na pa kukamulia pasiwe chooni, pasiwe stoo ya kemikali. Kachumba kenye mlango na ndoo ya maji yenye koki kanatosha.

Halafu kuna mchongo ambao wengi wanaudharau: kikombe. Kikombe kidogo cha wazi, cha bati au plastiki ngumu, na kijiko. Kichanga anaweza kunywa kwa kikombe, hata njiti wanalishwa hivyo hospitalini. Unamkalisha wima kidogo, unagusisha ukingo kwenye mdomo wa chini, anaramba mwenyewe kwa ulimi. Usimmiminie. Kikombe hakina uzi, hakina chuchu, hakina kampira ka kujificha. Unakiona chote kwa macho, unakiosha chote kwa mkono mmoja, kinachemka kwenye kasufuria kadogo kwa mkaa wa kiganja. Ndiyo maana wataalamu wa afya hapa nchini wanakipigia chapuo kuliko chupa, na kanuni za mwaka 2013 zinabana matangazo ya maziwa ya kopo, chupa na chuchu kwa watoto wachanga. Kwa nyumba isiyo na maji ya kutosha, mimi nachagua kikombe bila kufikiria mara mbili.

Ukienda kliniki mwezi huu kumpima dogo uzito, mwambie nesi kabisa kwamba nyumba yenu ni ya dhahabu: nani anakanda, mnachomea wapi, maji mnachota wapi. Kwenye kadi ya mtoto hakuna sehemu ya kuandika hayo, usipomwambia hawezi kukuuliza.